Usishuke mlima kwa nyutro, nakusihi

Umeuliza "kusimama" kuna maana gani kwa dereva, kwa mgonjwa aliye kwenye dawa na kwa kompyuta, halafu ukachomekea kwamba kesho unashuka mlima mrefu kwa nyutro, yaani gari likiwa nje ya gia, ili ubane mafuta. Hayo mengine yasubiri. Nyutro? Usithubutu.

Mimi nilifundishwa hivyohivyo na mwalimu wa udereva aliyejiamini kupita maelezo. "Mteremko ni mafuta ya bure." Nikameza. Nikashuka na gari la kuazima, mguu juu ya breki mwanzo mwisho, najiona fundi. Katikati ikaja harufu ya kitambaa kinachoungua. Nikamlaumu wa mbele yangu. Kona iliyofuata pedeli ikawa laini kama godoro, ikazama hadi sakafuni, gari ndiyo kwanza linachanganya.

Breki haifuti mwendo, inaugeuza joto. Joto likizidi, pedi zinakosa mshiko, na mafuta ya breki, ambayo hunyonya unyevu usipoyabadilisha, yanachemka. Mvuke unabinyika, kwa hiyo unakanyaga hewa. Tena mwendo ukiwa mara mbili, breki hata zikiwa nzima zinahitaji umbali mara nne.

Kusimama nilisimama. Kwenye ukingo wa udongo, bampa limekutana na rejeta. Nimelipia gari ambalo sikuwahi kulimiliki, na mwalimu nilipompigia akasema nilikanyaga vibaya. Vibaya! Ningekanyaga kwa meno?

Na mafuta yenyewe wala hubani. Magari ya siku hizi, ukiwa kwenye gia na mguu umeutoa kwenye eksileta, injini inakatiwa mafuta. Kwenye nyutro ndiyo inakunywa, ili isizime. Yaani yule mzee aliniibia mara mbili.

Shuka kwa gia ambayo ungepandia. Ingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza, injini ikushike. Breki kanyaga kwa uhakika, achia, ipoe. Otomatiki nyingi nazo zina L au 2, yaani gia ndogo, haikuwekwa pale kama pambo.

Kompyuta: mwanahisabati Alan Turing alithibitisha mwaka 1936 kwamba hakuna njia moja ya kujua, kwa kila programu, kama itasimama au la. Pale konani nami sikujulikana kama nitasimama. Ya dawa nimesahau nilitaka kusema nini. Usiziache ghafla bila daktari.

Gari lako ni otomatiki au gia za mkono? Jibu kabla hujawasha. Na mafuta ya breki ulibadilisha lini?