Nguo Ichezeke, Nywele Zikae: kwa anayeoa na anayeolewa Lubumbashi

Kabla hujanionyesha picha za nguo kwenye simu, niambie kwanza korteji yako, yaani msafara wa maharusi na wasindikizaji wao, itaingia ukumbini kwa mwendo gani. Ndilo swali ninalowauliza wadogo zangu na mabinti wa shangazi wanapokuja nyumbani kuomba ushauri, na wengi hushangaa kwa sababu walitegemea niulize rangi. Lakini Lubumbashi harusi haiingii ukumbini kwa kutembea, inaingia kwa kucheza. Maharusi katikati, wasichana upande huu, vijana upande ule, hatua mbili mbele, moja nyuma, magoti yanakunjwa, wageni wamesimama na simu juu. Kutoka mlangoni mpaka kwenye viti vya maharusi mnaweza kumaliza nusu saa. Nguo isiyokubali goti likunjwe haifai, hata iwe imempendeza vipi yule mwanamke wa kwenye picha, ambaye kazi yake ilikuwa kusimama tu.

Nimepita kwenye korteji nyingi, kwanza kama msichana wa kusindikiza, halafu kama yaya, yaani dada mkubwa, anayebeba mfuko wa pini na sindano, na siku hizi kama mareni, yule mama msimamizi wa maharusi. Ushauri wangu wote unatoka hapo: chagua kwa kufuata mwendo wa siku yenyewe, tangu saluni alfajiri, kanisani, kwenye picha, mpaka dansi ya usiku.

Tuanze na mshono. Sirene, ile nguo inayobana mpaka magotini halafu inafunguka chini, kila msichana anaitaka. Mpeni bibi arusi kama anaitaka kweli, na hata yeye mshonaji amwachie nafasi gotini. Wasichana wanane wakiivaa, mtaona wote wanacheza kwa mabega tu, miguu imefungwa. Mimi napenda nguo inayoshika kiunoni na kuachia kuanzia kwenye nyonga, au nyembamba yenye mpasuo wa pembeni unaofika gotini. Siku ya kupima, usimruhusu mtu asimame mbele ya kioo akisema imenikaa. Akae kwenye kiti. Ainame kama anayeokota leso. Anyanyue mikono yote miwili, kisha acheze hatua mnazofanyia mazoezi, na viatu atakavyovaa siku hiyo viwe mguuni. Nguo isiyo na mabega ndiyo inayofeli mtihani huu mara nyingi. Kila baada ya hatua tatu mkono unaenda kifuani kuivuta, na kwenye video hiyo ndiyo ishara pekee inayoonekana.

Urefu uishie kwenye kifundo cha mguu. Nasema hivi kwa sababu ya udongo wetu. Kutoka mitaa ya Katuba au Ruashi mpaka mjini kuna vumbi jekundu kuanzia Mei hadi Septemba, na mvua zikifika, Novemba mpaka Machi, vumbi hilohilo linakuwa tope. Pindo jeupe au la krimu likigusa chini mara moja, halirudi. Bibi arusi ana watu wa kumshikia mkia wa gauni. Wasichana hawana.

Sasa miili. Katika wasichana wanane kuna mwembamba, kuna mnene, kuna anayenyonyesha, na mmoja ana mimba ambayo bado hajaitangaza. Kuwalazimisha wote mshono mmoja ni kuwatesa, na anayeteseka hachezi vizuri. Chukueni kitambaa kimoja, rangi moja, urefu mmoja, halafu kila mtu achague shingo na mikono yake kati ya mitindo miwili au mitatu ambayo bibi arusi ameikubali. Anayenyonyesha apewe zipu au vifungo mbele. Anayeomba kwa sauti ya chini aachiwe pindo la ndani pana ubavuni, mpeni bila kumuuliza sababu.

Kitambaa kinunuliwe siku moja, duka moja, na kikatwe kutoka kwenye gombo moja. Magombo mawili yenye namba moja ya rangi yanaweza kutofautiana kidogo, kwa kuwa hayakutiwa rangi pamoja, na tofauti ambayo dukani huioni itaonekana kanisani wasichana wakisimama mstari mmoja. Gauni refu la kawaida hula mita 3 hivi kwa kitambaa chenye upana wa mita moja na nusu, lenye duara kubwa linazidi hapo. Wasichana wanane ni mita 24, ongezeni mbili za akiba. Na kabla ya kulipa, tokeni na kitambaa nje, mlangoni, kwenye jua. Taa za dukani hudanganya. Satini inang'aa vizuri ukumbini lakini inaonyesha kila tone la jasho kwapani, na harusi ya Oktoba hapa kwetu ni joto tupu. Krepe haing'ai sana, haikunjikikunjiki, na inavumilia kukaa ndani ya gari. Ningekuwa na hela yangu mkononi ningenunua krepe.

Rangi ni mambo ya mioyo, sibishani sana. Nitasema tu kwamba Julai na Agosti majani yamekauka na ardhi ni nyekundu, kwa hiyo shampeini, pichi na hudhurungi nyepesi hupotelea kwenye picha za nje. Kijani cha chupa, buluu iliyokolea na bordo, ile nyekundu ya mvinyo, zinasimama. Rangi ya wasichana isigombane na ile ya bwana arusi na vijana wake. Nimewahi kuona tai za vijana zimenunuliwa na familia moja na vitambaa vya wasichana na familia nyingine, bila mtu kumpigia mwenzake simu, na mareni wa pande zote mbili wakanuniana mpaka keki ilipokatwa.

Kama mnanunua nguo zilizoshonwa tayari, angalieni namba. Nguo zinazopita mpakani Kasumbalesa kutoka Zambia mara nyingi zina namba za Kiingereza, na sisi tumezoea za Kifaransa. Anayevaa 40 yetu ni 12 ya Kiingereza, na 8 ya Kimarekani. Msichana akiandika tu "8" kwenye ujumbe, unaweza kupata nguo ya mtoto wa shule. Tumeni vipimo kwa sentimita: kifua, kiuno, nyonga, na urefu kutoka begani mpaka chini, vimechukuliwa na mtu mmoja kwa utepe mmoja wa kupimia.

Pesa isemwe mapema, na isemwe na bibi arusi mwenyewe, sio na kundi la WhatsApp. Hapa kwetu wengine hununuliwa kitambaa na maharusi na wao hulipa mshono, wengine hulipa vyote, wengine hukodi. Yote ni sawa. Kisicho sawa ni msichana kukubali uso ukicheka huku hana nauli. Ukisema dola 50 kwa kila mtu na wasichana ni wanane, hizo ni dola 400 ambazo unazitoa kwenye mifuko ya rafiki zako. Mwulize kila mmoja peke yake. Na dola ziwe safi, maana noti iliyochanika hata kidogo pembeni hapa mjini hakuna anayeipokea, mtabaki mnatafuta wa kuibadilisha wakati mshonaji anasubiri.

Kuhusu mshonaji, kuna misimu miwili ya kumkimbia: wiki za kabla ya tarehe 8 Machi, wakati kila mama mjini anataka kikwembe (kitenge) chake cha sikukuu ya wanawake, na Desemba. Ukipeleka kitambaa Februari mwishoni utaambiwa "ndiyo mama, hakuna shida", na shida itakuja. Lipa nusu mwanzoni na nusu baada ya kupima, siyo baada ya ahadi.

Kanisani muulizeni padri au pasta kabla ya kukata kitambaa. Makanisa mengine hayataki mabega wazi mbele ya madhabahu, na koti dogo la dantela (lesi) la kuvaa kanisani na kuvua ukumbini linamaliza neno. Kwa siku ya mahari mambo ni rahisi zaidi: kikwembe cha yadi 6, yaani mita 5 na nusu hivi, vipande vitatu vya yadi mbili mbili, na kilemba kichwani. Chini ya kilemba misuko ya kawaida inatosha. Usimalize nguvu za nywele siku hiyo.

Nywele sasa, na hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo asubuhi nyingi za harusi zinapoharibikia.

Shingo ya gauni ndiyo inayoamua nywele, wala tusigeuze. Gauni lenye kola au dantela mpaka shingoni linataka nywele zipande juu. Mgongo wazi unataka shinyo, yaani nywele zilizofungwa fundo, la sivyo umelipia mgongo ambao hakuna atakayeuona. Shingo pana iliyo wazi inaweza kuchukua nywele za kushuka upande mmoja. Kwa hiyo usiweke miadi saluni kabla hujajua gauni, na siku ya kujaribu nywele nenda na picha ya gauni lako mwenyewe pamoja na shela na taji, hata kama msusi anasema anajua kazi yake.

Shela lina uzito. Likivutwa na mtoto anayelikanyaga, au na upepo wa Agosti pale kwenye bustani ya wanyama mnapopiga picha, linavuta kila kitu lililofungwa nacho. Linahitaji mahali pa kushika: misuko midogo ya kulala kichwani chini ya shinyo, ndipo kitana cha shela kiingie kwenye msuko, na pini mbili ziwekwe kwa kupishana. Nywele zilizooshwa asubuhi hiyohiyo huteleza, osheni siku moja kabla. Mwambie msusi akuonyeshe wewe na dada yako jinsi ya kulitoa, kwa sababu yeye hatakuwepo ukumbini utakapolivua ili ucheze.

Dawa ya kulainisha nywele isiguse kichwa chako wiki ya harusi. Ngozi ikiungua, na huungua hata kwa msusi mzuri, utakuwa na vidonda mahali pa pini. Wiki mbili kabla ni mapema ya kutosha. Wanaosuka meche, nywele za kuongezea, wasuke siku mbili au tatu kabla, kwa kuwa msuko mpya huvuta, unaleta vipele pembezoni na kichwa kinauma. Mwambie msusi alegeze kwenye nywele za mbele na za pembeni. Hizo zikivutwa sana mara kwa mara hukatika, na baadaye hazioti. Anayetaka perike (wigi) ya gundi ajaribu gundi hiyo nyuma ya sikio siku mbili kabla, aone kama ngozi inakasirika. Na ajue kama nywele za perike ni za mtu au za plastiki, maana pasi ya moto inayonyoosha za kwanza inayeyusha za pili.

Nywele za asili zilizonyooshwa kwa moto zinapendeza Juni. Januari, hewa ikiwa na maji, zitarudi zilivyokuwa kabla hujafika kwenye lango la kanisa. Kwa msimu wa mvua chagua kilichosukwa au kilichofungwa.

Hesabu ya saluni watu hawaifanyi. Msusi mmoja, saa moja kwa kila kichwa, wasichana wanane na bibi arusi: hizo ni saa tisa. Misa ni saa nne asubuhi. Hata wasusi watatu mkianza saa kumi na moja alfajiri, mnabaki na nafasi finyu, na umeme ukikatika imekwisha. Kwa hiyo wasichana wote wasukwe Alhamisi au Ijumaa, mitindo ya kulala nayo na kitambaa cha satini kichwani, na Jumamosi saluni iwe ya bibi arusi na mama zake wawili. Ulizeni mapema kama saluni ina jenereta, na kama jenereta ina mafuta. Hayo ni maswali mawili tofauti. Bibi arusi asiwe wa mwisho kwenye foleni kwa ajili ya kuheshimu wakubwa. Mama atamwelewa.

"Yaya, wasichana wote wawe na mtindo mmoja?" Hapana. Kila kichwa na umbo lake. Nywele zote zipande, au zote zishuke, hiyo inatosha. Mwenye nywele fupi aachwe na nywele zake fupi, hereni zimfanyie kazi.

Nenda saluni na shati la vifungo mbele, au jifunge kikwembe kifuani. Nimeona mtu akikatwa tisheti mpya kwa mkasi kwa sababu haikuweza kupita juu ya shinyo. Gauni nalo livaliwe kwa kuingilia chini, na leso ifunike uso poda isiguse dantela.

Mwisho chagua mtu mmoja, dada au rafiki asiyekunywa sana, awe na kazi ya kutoa pini usiku. Ahesabu zilizoingia asubuhi, maana shinyo moja linaweza kuficha zaidi ya 30, na bibi arusi aliyechoka atasema zimeisha huku nyingine zimebaki nyuma ya sikio. Misuko ya ndani iachwe siku moja au mbili, kichwa kipakwe mafuta kidogo, halafu ndipo ifumuliwe taratibu kuanzia chini.