Tunaweza Kuiomba Benki Kuu Ripoti ya Ukaguzi?

SWALI: Sisi ni kikundi cha akina mama wauza dagaa katika mwalo wa Kirumba. Akiba yetu iko katika benki moja hapa Mwanza, na kwa wiki tatu sasa kila tukienda kutoa fedha tunaambiwa turudi kesho. Tumesikia kuwa wakaguzi wa Benki Kuu waliikagua benki hiyo. Je, tunaweza kudai ripoti yao, au ni siri? – Katibu wa kikundi, Kirumba

JIBU: Dada Katibu, pole kwa usumbufu huo. Ripoti yenyewe hamtapewa, na ni heri nikwambie mapema msije mkapoteza nauli na muda. Wakaguzi huona hesabu na majina ya wateja wote, na sheria inawafunga kutunza siri hiyo. Tena kurasa chache zikivuja, watu wanaweza kukimbilia dirishani siku moja kutoa fedha zao, na benki ambayo ingepona ikaanguka. Uamuzi ukishafikiwa ndipo hutangazwa, kama ilivyokuwa Januari 2018, Benki Kuu ilipozifutia leseni benki tano kwa upungufu wa mtaji, ikiwemo Benki ya Wakulima Kagera ya ng'ambo yetu Bukoba.

Hata hivyo, kufungwa kwa ripoti hakufungi kila kitu. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30, na anayekataliwa anastahili kuelezwa sababu. Msiporidhika, ombeni mapitio kwa mkuu wa taasisi ndani ya siku 30 tangu mlipopata jibu. Kwa hiyo msiandike "tunaomba ripoti". Ulizeni mambo yanayojibika: je, leseni ya benki hiyo ingali hai, na je, kuna zuio lolote lililotangazwa juu ya kutoa amana? Hesabu zake za kila robo mwaka hazihitaji ombi, kwa kuwa benki hutakiwa kuzitangaza hadharani.

Lakini kinachowauma ni fedha zenu, na hapo mna nguvu kuliko mnavyodhani. Taarifa ya akaunti ya kikundi si siri kwenu. Iombeni benki taarifa hiyo pamoja na maelezo ya maandishi kwa nini hamlipwi, mkitaja tarehe za kila safari mliyorudishwa. Pelekeni nakala mbili, na ya pili igongwe muhuri wa mapokezi wenye tarehe mkiwa mmesimama hapo hapo, maana karani akiipokea kwa mdomo tu, kesho hakuna atakayekumbuka. Wasipowatatulia, pelekeni malalamiko, kwa barua tofauti na ile ya kuomba taarifa, katika tawi la Benki Kuu hapa Mwanza, na mwambatishe muhtasari wa kikao kilichowateua watia saini wenu.