Maswali na majibu: Mgeni katika Soko la Darajani

Safu ya leo nimewatengea wasomaji wanaojiandaa kuja Zanzibar na wanaotaka kulijua Soko la Darajani kabla ya kuliingia. Nimekulia Mji Mkongwe, na njia za soko hili nilifundishwa na mama yangu nikiwa mdogo, nikimbebea kikapu.

Nitakuwa Unguja siku mbili tu. Niende Darajani saa ngapi? (Msomaji, Mbeya)

Nenda asubuhi, kabla ya saa nne, wakati samaki waliovuliwa usiku wameshafika kutoka madikoni, pale vyombo vya uvuvi vinapoegeshwa, na jua halijawa kali. Siku ya Ijumaa uwahi zaidi, kwa sababu wafanyabiashara wengi huondoka mapema kwenda kusali. Mwezi wa Ramadhani soko huchangamka alasiri, watu wanapotafuta vitu vya futari, na mgeni naye hapaswi kula wala kunywa hadharani mchana.

Ukifika, litazame na jengo lenyewe: banda refu lenye paa la vigae, lililojengwa mwaka 1904, enzi ya Sultan Ali bin Hamud. Jina la Darajani limetokana na daraja lililovuka mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo. Mkono huo ulifukiwa katika karne iliyopita, maji hayapo tena wala daraja halipo, lakini jina limebaki midomoni mwa watu.

Sisi wa bara tumezoea samaki wa barafu. Mwenyeji wangu anataka nichague mwenyewe. Nitamjuaje samaki wa leo? (Msomaji, Dodoma)

Mama yangu hakuwa akimuuliza muuzaji swali hilo. Aliinua shavu la kolekole kwa kidole gumba, akayatazama matamvua, akalirudisha taratibu, kisha ama alifungua pochi ama alisogea meza ya pili. Matamvua ya samaki wa leo ni mekundu na yana unyevu. Ya samaki aliyelala huanza kuwa na rangi ya kahawia. Jicho liwe limejaa na kung'aa, lisiwe limezama wala kufunikwa na ukungu. Mbonyeze karibu na uti wa mgongo: nyama ikirudi, mchukue, alama ya kidole ikibaki, mwache, hata kama bei inavutia.

Kwa jodari na nguru naomba uwe mkali zaidi. Samaki hawa wakikaa kwenye joto hujenga sumu ambayo moto wa jiko hauiondoi, na anayewala anaweza kuwashwa mwili mzima na kuwa mwekundu usoni. Wanunue mapema, au kwa muuzaji aliyewaweka kwenye barafu.

Kuhusu mnada wa samaki utakaoukuta hapo sokoni, simama utazame, kwani ni jambo la kupendeza: samaki hutandazwa, mnadi hutaja bei kwa sauti ya haraka, na wachuuzi hupandishana mpaka mmoja awashinde wenzake. Usikae katikati yao, kwa sababu wanaoinama pale wanatafuta riziki ya siku. Wewe nunua kwa mchuuzi, mmoja au fungu, kisha uwape wanaoparua magamba ujira wao mdogo, nawe utaondoka na samaki aliye tayari kwa chungu. Elewa pia kwamba bei hufuata bahari. Kusi linapovuma kwa nguvu vyombo vingi havitoki, na usiku wa mwezi mpevu dagaa huadimika, kwa kuwa huvuliwa kwa taa gizani.

Wenzangu walirudi kutoka Unguja na zafarani ya bei rahisi sana. Je, ni ya kweli? (Msomaji, Nairobi)

Nasikitika kusema kwamba si ya kweli. Zafarani haistawi katika hali ya hewa ya visiwa vyetu, na ile halisi ni nyuzi chache zinazochumwa kwa mkono kutoka katika kila ua, ndiyo maana ni ghali popote duniani. Mara nyingi kinachouzwa kwa bei ya chini ni petali za ua jingine, zenye rangi lakini hazina ile harufu. Inaniuma kuona mgeni akiziacha karafuu, iliki, mdalasini na pilipili manga zilizoota hapa hapa, akalipia kitu kisichotoka kwetu.

Nunua viungo vizima, visivyosagwa. Karafuu ijaribu kwa ukucha: ukiibonyeza kwenye kikonyo, nzuri hutoa mafuta. Kungumanga iliyo bado na basibasi yake, ule wavu mwekundu unaoikumbatia kokwa, ni zawadi ambayo wengi hawajawahi kuiona. Pakiti za matumizi ya jikoni hazina tatizo, ila usikubali kubebeshwa karafuu kwa magunia, kwa kuwa biashara yake iko chini ya Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar na magendo yake ni kosa.

Naweza kuomba kupunguziwa bei, na kupiga picha? (Msomaji, Arusha)

Unaweza yote mawili, ukianza na salamu. Mwambie mzee "shikamoo", umsikilize akikujibu, ndipo useme "nipunguzie kidogo". Usitaje bei ya dharau. Akikataa kupunguza, omba nyongeza, kwa kuwa wengi hupenda zaidi kuongeza ndimu mbili kuliko kushusha bei. Picha iombe, hasa kwa akina mama, na vaa nguo zinazofunika mabega na magoti.

Nalala hotelini, sina jiko. Kuna haja gani ya kwenda sokoni? (Msomaji, Iringa)

Kuna haja ya matunda. Ukija mwisho wa mwaka utakuta embe kwa kila meza, na katika misimu yake shokishoki, mafenesi na mabungo, ambayo juisi yake ni chachu ya kusisimua. Chukua kikapu cha ukili, kwani mifuko ya plastiki imepigwa marufuku, nacho kitakufaa mpaka nyumbani. Kwa moyo wangu wote nakusihi ununue chochote, hata chungwa moja lililomenywa, kwa sababu watu hawa wamekaa pale kuuza.

Na Pemba je? (Msomaji, Tanga)

Boti kutoka Unguja itakushusha kwenye bandari iitwayo Mkoani. Panda gari uende mji wa Chake Chake. Soko lake ni dogo kuliko Darajani, na watalii ni wachache, kwa hiyo utapata nafasi ya kuzungumza na wauzaji bila haraka. Ukienda wakati wa mavuno, fungua dirisha njiani: karafuu huanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, na harufu yake utaisikia kabla hujaziona.