OpenAM "imefungwa": tununue leseni?

SWALI: Hapa Bukavu taasisi yetu inatumia OpenAM 13 kwa wafanyakazi kuingia kwenye programu zote kwa neno moja la siri. Fundi anasema ilifungwa mwaka 2016, kwa hiyo sisi ni wezi. Kwa dola 400 atatupatia "leseni". Tulipe?

JIBU: Msilipe, ndugu. Mwaka 2005 Sun Microsystems ilitangaza kuufungua kwa umma msimbo huu (maandishi ya programu yenyewe), ukaitwa OpenSSO. Oracle iliponunua Sun mwaka 2010 iliuacha, na waliokuwa wafanyakazi wa Sun wakaanzisha ForgeRock na kuuendeleza kwa jina OpenAM. Mwishoni mwa 2016 ForgeRock iliacha kutoa msimbo mpya hadharani. Ule uliokwisha kutolewa kwa CDDL, leseni huria inayoruhusu watu kuutumia, haukurudishwa ndani. Jumuiya za Open Identity Platform na Wren Security zinauendeleza. Kama faili lenu la war (la kusakinishia OpenAM) lilitoka ForgeRock likiwa tayari, someni masharti yake, lakini hayo nayo si ya fundi kuuza.

Linalonichosha ni hili: watu wanagombania karatasi, na viraka vya usalama hakuna anayeviuliza. Toleo la 13 lina tundu la usalama liitwalo CVE-2021-35464, lililotangazwa Juni 2021. Linatokana na Jato, maktaba kuukuu ya enzi za Sun. Mshambuliaji hahitaji hata akaunti: anatuma ombi moja kwenye anwani ya /ccversion ya seva yenu, na seva inayotumia Java 8 au ya chini inatekeleza amri zake. "Iko mtandao wa ndani" si kinga. Kompyuta moja yenye virusi ofisini inatosha.

Leo hii zimeni servlet-mapping ya VersionServlet (sehemu inayojibu /ccversion) ndani ya faili la WEB-INF/web.xml, kisha muiwashe upya Tomcat, yaani seva inayoendesha OpenAM. Hicho ni kizuizi cha muda tu. Kabla ya kuhamia toleo linalotunzwa, simamisheni Tomcat ndipo mnakili saraka ya usanidi pamoja na folda ya .openamcfg; mkinakili ikiwa inafanya kazi, nakala ya hifadhidata ya ndani inaweza kuharibika. Jaribuni kwenye mashine nyingine yenye jina lilelile kamili la seva, kupitia faili la hosts (linalooanisha majina na anwani za IP), maana OpenAM imefungamanishwa na jina hilo na anwani ya IP peke yake itawakwamisha.

Na hao wanaozunguka na "OpenAM original" kwenye flash, wakimbieni. Faili hilo litashika maneno ya siri ya wafanyakazi wote. Shusheni wenyewe kwa wanaoutunza mradi, hata intaneti ikichukua usiku kucha.