Kabla ya Kumeza, Uliza Dawa Itatoka kwa Njia Gani

Mama yangu huweka dawa zake katika kopo la maziwa ya unga, na mwaka juzi tulilimimina kopo hilo lote juu ya meza ya daktari. Zilitoka pakiti za vidonge vya presha, vipande vya dawa vilivyokatwa kwa mkasi hata jina likawa halisomeki, dawa ya tumbo iliyokwisha muda wake, na bahasha tatu ndogo za karatasi ambazo juu yake paliandikwa kwa kalamu "1×3" basi, bila jina la dawa wala la mgonjwa. Daktari alizipanga kimya kimya, akatoa kidonge kimoja katika bahasha, akakigeuzageuza kusoma maandishi yake, kisha akauliza: "Mama, hivi umevitumia kwa muda gani?" Mama akajibu kwamba ni wiki ya tatu sasa, ni vya magoti, na kwa kweli vinamsaidia. Vilikuwa vidonge vya diklofenaki.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Mwezi uleule nilikuwa nimechora figo ubaoni mbele ya wanafunzi wa kidato cha tatu, mshipa unaoingiza damu kwa chaki nyekundu na ule unaoitoa kwa chaki ya bluu, na jioni nikirudi nyumbani nilikuwa nikiiona miguu ya mama imevimba nikasema ni uzee na kukaa kitini kutwa. Alikuwa anakwenda haja ndogo mara chache, chakula kinamchefua, nami nikamshauri apunguze chumvi. Yanayofuata nayaandika kama mtoto aliyeuguza, si kama tabibu, na hayachukui nafasi ya daktari wako.

Jambo la kwanza nililopaswa kulikumbuka ni kwamba dawa ya magoti haiendi gotini. Kidonge huyeyuka, na sehemu kubwa ya dawa hufyonzwa katika utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima una urefu wa takribani mita 6. Kutoka hapo huingia katika damu, na damu haina habari ya mahali panapouma. Huipeleka dawa kila pahali, gotini, moyoni, tumboni, kwenye figo. Tena karibu damu yote inayotoka utumboni hupitia kwanza kwenye ini, mithili ya mzigo bandarini unaopita forodhani kabla ya kuingia mjini, na ini huivunja au kuibadilisha sehemu ya dawa hata kabla haijaanza kazi. Ndiyo sababu mgonjwa wa moyo huambiwa aweke kidonge cha nitrogliserini chini ya ulimi badala ya kukimeza: kikimezwa, ini hukimaliza karibu chote, ilhali chini ya ulimi huingia moja kwa moja katika damu iendayo moyoni.

Baada ya ini kuna figo, na hapa ndipo mama alipokwama. Figo zetu mbili huchuja takribani lita 180 za majimaji kwa siku, kisha huyarudisha karibu yote katika damu na kubakiza lita moja na nusu au mbili hivi za mkojo. Kazi hiyo hutaka msukumo wa damu usiopungua. Katika kila chujio kuna mshipa mwembamba wa kuingia na mshipa mwembamba wa kutoka, na mwili hurekebisha msukumo kwa kulegeza mmoja na kuubana mwingine. Maji yanapopungua mwilini, kemikali ziitwazo prostaglandini ndizo zinazoushikilia wazi mshipa wa kuingia. Bahati mbaya ni kwamba prostaglandini hizohizo ndizo zinazochangia maumivu na uvimbe gotini, na diklofenaki hutuliza goti kwa kuzuia zisitengenezwe. Haichagui. Inazizuia gotini, inazizuia kwenye figo, na inazizuia pia tumboni, ambako kazi yake ni kulinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi. Kwa hiyo mtu huanza na magoti akaishia na vidonda vya tumbo.

Hata hivyo, diklofenaki peke yake pengine isingemwangusha mama kwa kasi ile. Kidonge chake cha presha kilikuwa kimoja kwa macho, lakini ndani yake mlikuwa na dawa mbili: losatani, ambayo hulegeza mshipa wa kutoka kwenye chujio, na hidroklorothiazidi, ambayo hutoa maji mwilini kwa njia ya mkojo. Dawa zote mbili ni nzuri na alikuwa amezitumia miaka mingi bila shida. Ikaja diklofenaki ikaubana mshipa wa kuingia. Wiki hiyo ya tatu akahara siku mbili, maji yakapungua zaidi. Mlango wa kuingia umebanwa, wa kutoka umeachiwa, na kinachopita katikati ni kidogo: kuchuja kukafifia. Kipimo cha kreatinini, uchafu utokanao na misuli ambao figo huutoa kila siku, kilikuwa zaidi ya mara mbili ya ukomo ulioandikwa pembeni mwa karatasi ya maabara.

Daktari aliisimamisha diklofenaki papo hapo, akaisitisha na ya presha kwa muda, akaagiza dripu. Baada ya wiki sita kreatinini ilikuwa imeshuka vizuri, ingawa haikurudi pale ilipokuwa kabla ya bahasha ile. Nasisitiza kwamba dawa ya presha ilisitishwa na daktari, baada ya vipimo, na ni yeye aliyeirudisha. Asitokee msomaji akaacha ya kwake leo kwa sababu amenisoma mimi. Cha kufanya ni kumwambia muuzaji wa dawa, kabla hajafungua kabati, kwamba mgonjwa anatumia dawa za presha, na kumuuliza kama dawa ya maumivu anayoitoa ni ya kundi la diklofenaki na ibuprofeni. Na ukianza kuhara au kutapika ilhali uko kwenye dawa za namna hiyo, nenda kituo cha afya mapema.

Kwa wazee hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa figo hupungua nguvu kadiri umri unavyosonga, na dozi aliyoizoea mtu akiwa na miaka 40 hukaa mwilini muda mrefu zaidi akifika 70. Hata majibu ya maabara yanaweza kumdanganya asiyejua: mzee aliyekonda ana misuli michache, hutoa kreatinini kidogo, na namba yake huonekana ya kawaida wakati figo zimechoka. Mwenye kisukari anayetumia metiformini, ambayo hutoka kwa mkojo bila kubadilishwa, hupunguziwa dozi au huondolewa kabisa figo zikidhoofu, na uamuzi huo hautolewi kwa kukisia.

Nilidhani nimepata funzo, kumbe lilikuwa la figo tu. Miezi michache baadaye nilishikwa na mafua makali. Nilikuwa nameza Panadol mbili asubuhi, mchana na usiku, na katikati nikawa nakunywa dawa ya mafua ya unga, ile ya kukoroga katika maji moto. Siku ya pili, kwa kukosa la kufanya, nikasoma maandishi madogo ya ile pakiti: ndani yake mlikuwa na parasetamoli pia, miligramu 1,000 kwa kila pakiti. Nikachukua kalamu. Vidonge sita vya miligramu 500 ni gramu 3, na pakiti mbili ni gramu 2. Jumla gramu 5, wakati kikomo cha mtu mzima mwenye afya ni gramu 4 kwa saa 24.

Parasetamoli ni dawa njema nami bado naitumia, lakini ni vizuri kujua ini linaifanyia nini. Sehemu kubwa ini huifunga na kuituma kwenye figo itoke kwa mkojo. Sehemu ndogo hugeuka sumu, na sumu hiyo huzimwa na glutathioni, akiba ambayo ini hujitengenezea. Dozi ikizidi, njia za kawaida hujaa, sumu huongezeka, akiba huisha, na kinachobaki kushambuliwa ni ini lenyewe. Mnywaji wa pombe na mtu aliyeshinda njaa siku kadhaa wana akiba ndogo zaidi. La hatari ni kwamba siku ya kwanza mtu anaweza kusikia kichefuchefu tu, au asisikie lolote, na ini likaonyesha madhara siku ya pili au ya tatu. Dawa ya kuiokoa hali hiyo ipo, inaitwa asetilisisteini, na hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8 tangu dozi iliyozidi imezwe. Anayejua amezidisha asisubiri kuumwa. Mimi nilikwenda kupimwa ini na nilikuta salama, ila fundi wa maabara alinicheka kidogo aliposikia somo ninalofundisha.

Upande wa chakula nitausemea kwa ufupi. Dawa mseto ya malaria, ambayo kwa mtu mzima ni vidonge vinne mara mbili kwa siku kwa siku tatu, imezwe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, kwa sababu lumefantrini iliyomo ndani yake hufyonzwa vibaya tumbo likiwa tupu. Antibiotiki za doksisaiklini na siprofloksasini ni kinyume chake: maziwa huzinasa zisifyonzwe vizuri. Doksisaiklini, zaidi ya hayo, imezwe kwa glasi nzima ya maji ukiwa umekaa au umesimama, maana ikigota kooni huchoma umio. Na anayetumia rifampisini kwa ajili ya kifua kikuu ajue kwamba dawa hiyo huliamsha ini livunje dawa nyingine kwa haraka, vikiwemo vidonge vya uzazi wa mpango, kwa hiyo azitaje dawa zake zote kliniki.

Magoti ya mama sasa yanatulizwa kwa mazoezi mepesi aliyofundishwa, na parasetamoli kwa hesabu iliyobandikwa mlangoni mwa jokofu. Kopo la maziwa bado lipo, na huenda nalo kliniki likiwa kwapani. Juzi alirudi kutoka duka la dawa mkono mtupu. Nikamuuliza kulikoni, akasema: "Yule binti kaniandikia moja mara tatu. Nikamwambia mwanangu, andika na jina lake. Kalamu ilikuwa imeisha wino, nimemwambia nitapita kesho."