Muulize Papa Fundi: Tairi imesimama wima, lakini upepo unatoroka

Swali: Jambo Papa Fundi. Nina BMW Z4 ya 2010 iliyotoka Ubelgiji. Tairi zake ni zile zinazotembea hata upepo ukiisha, na gari haina tairi ya akiba. Ya nyuma kulia nikiijaza bar 2.4 leo, siku ya tatu naikuta 1.7. Kwa macho sioni kitu. Fundi wa kwado, yaani wa kuziba tairi, hapa kwetu anataka kutia mpira wa ndani. Nimkubalie?
*Msomaji, Himbi, Goma*

Jibu: Usimkubalie, ndugu yangu. Mpira wa ndani utasuguana na tairi na kupata moto, na tundu litabaki pale pale.

Ubavu wa tairi hiyo umeongezwa mpira mgumu ili ubebe gari upepo ukikosekana. Ndiyo maana macho yako hayasaidii: tairi ya kawaida ikipungukiwa inalala, hii inasimama tu. Shika kipimo, upime asubuhi gari likiwa bado baridi.

Kisha tafuta tundu kwa maji ya sabuni. Anza na valvu, kwa sababu ni rahisi na mara nyingi kosa ni kile kisindano cha ndani kilicholegea. Mwaga tone moja mdomoni mwake, lingine kwenye shina. Kama pamenyamaza, vua gurudumu ulizamishe ndani ya nusu pipa. Msumari hutoa mapovu yanayofuatana kama shanga. Ukingo wa rimu hutoa povu dogo, polepole sana, kwa hiyo ngoja dakika tano nzima kabla ya kugeuza. Angalia vizuri upande wa ndani wa rimu: mawe yetu haya ya volkano ya Nyiragongo na mashimo ya barabara hupasua aluminiamu mahali ambapo mwenye gari haoni.

Tundu likiwa katikati ya sehemu inayokanyaga chini, na halizidi milimita 6, linazibika kwa kiraka chenye shina kama uyoga, kinachobandikwa kwa ndani. Ule mkia wa mpira unaochomekwa kwa nje ni wa kukufikisha nyumbani tu. Begani, pale sehemu inayokanyaga inapokutana na ubavu, au ubavuni kwenyewe, hapana kabisa. Na kama ni kutu nyeupe ya rimu, isuguliwe kwa msasa laini, ipakwe dawa ya ukingo, basi.

Sasa nisikilize kwa makini. Kabla ya kiraka, mulika ndani kwa tochi. Kuna mama mmoja aliniletea tairi ya aina hii, imezibwa vizuri kwingine, kiraka kimeshika. Nilipoifungua, unga mweusi ulimwagika mkononi kama vumbi la makaa, na ubavuni kwa ndani kulikuwa na mkunjo uliozunguka tairi nzima. Ilikuwa imetembea muda mrefu bila upepo wa kutosha. Kwa nje iling'aa. Niliikata kwa kisu palepale, akiona, ili mtu mwingine asije akauziwa.

Watengenezaji wengi wanaruhusu kilomita 80 upepo ukiisha, mwendo usizidi 80 kwa saa. Hiyo ni karibu safari ya toka Goma hadi Rutshuru, na ni ya kujiokoa. Wengine hawataki tairi iliyotembea hivyo izibwe tena, kwa hiyo uliza wa kwako anasemaje. Wewe jiulize kwa ukweli: ile 1.7 ndiyo ya chini kabisa, au kuna wiki ulisahau kupima?

Usiruhusu tairi itolewe kwenye rimu kwa vyuma vya mkono. Ukingo wake ni mgumu, utakatika, na kama gari lako lina kihisi cha upepo kwenye valvu, kitavunjika. Tafuta gareji yenye mashine ya kuvulia tairi, ile iliyo na mkono wa kusukumia, hata kama ni mbali na Himbi.

Ikishafungwa, jaza kama karatasi ya mlangoni inavyosema. Pima kesho asubuhi na kesho kutwa. Ikishuka tena, niandikie unieleze mapovu yalitokea wapi.