Kutalii Korea Kaskazini: mi nilienda, soma hii kwanza

Mkuu umeuliza kama inafaa kwenda kutalii Korea Kaskazini wakati nchi yenyewe ina vikwazo na wananchi wake hawaruhusiwi kutoka. Mi nilienda kabla ya korona nikiwa nasoma China, nikapitia kampuni moja ya Beijing maana kule hamna cha kufika na begi lako ukajizungukia. Treni mpaka Dandong, mji wa mpakani upande wa China, mkivuka mto Yalu mko Sinuiju upande wao, hapo maaskari wanaingia behewani wanapekua simu, kamera, vitabu, na Biblia usithubutu kubeba.

Pyongyang mnapokelewa na waongoza watalii wawili, wanalala hotelini hapohapo. Sisi tuliwekwa Yanggakdo, iko kisiwani katikati ya mto Taedong, sasa ukitaka kuchomoka usiku unaenda wapi? Pale Mansudae kwenye sanamu za viongozi wao waliopita, Kim Il Sung na Kim Jong Il, unainama, na picha sanamu itokee nzima, ukikata miguu unafutishwa.

Hela usijidanganye, inaishia serikalini. Tulilipa kwa yuan na euro, noti zao hata kushika hatukushika, kwahiyo anayesema unamsaidia mwananchi wa kawaida sijui alikutana naye wapi. Ila we mwenyewe ukitulia hupati shida, shida inampata yule muongozaji, maana utani wako kuhusu kiongozi we unapanda nao treni unaondoka, yeye ndo anabaki kuulizwa. Hilo ndo lilinikosesha raha kuliko upekuzi wote. Na usipotulia kuna Otto Warmbier, mwanafunzi wa Marekani, hoteli hiyohiyo, kesi ya kudaiwa kutaka kuiba bango la propaganda, 2016 akapigwa miaka 15 kazi ngumu, 2017 akarudishwa kwao hajitambui akafa ndani ya wiki.

Kwahiyo kama unataka kuona serikali inavyopenda kuonekana, nenda. Kama unataka watu, hiyo hela peleka Cuba, kule unapanga chumba kwa mama wa watu na hela unampa mkononi.

Alafu kuingia kwenyewe sasa hivi ngumu, walifunga mipaka Januari 2020 kwa korona, Warusi wakaruhusiwa 2024, Rason, eneo lao maalum la biashara kaskazini mashariki, ikafunguliwa kwa watalii wengine Februari 2025 ikafungwa wiki chache tu mbele. Na nyie wa pasipoti za Ulaya mjue ukishaenda huko, au hiyo Cuba, ile ESTA, ruhusa ya mtandaoni ya kuingia Marekani bila viza, ndo basi, unapanga foleni ya viza ubalozini. Sisi wa pasipoti ya Tanzania haituhusu, foleni tulishaizoea.